Dagaa Nyuma ya Jengo la Kompyuta

Nyasho, Musoma. Jumatatu, tarehe mbili Machi. Mvua imeanza kabla majogoo hawajawika na mpaka sasa inanyesha, ile mvua ya kukaa, haina radi wala haraka. Ziwa halionekani, ni weupe mtupu.

Nimeamka nacheka. Baba Neema kaniuliza kuna nini, nikamwambia hamna kitu, nimestaafu tu. Ijumaa nilirudisha funguo na kitambulisho, leo asubuhi miguu ikanipeleka yenyewe kwenye viatu vya kazi. Nimevifunga kamba, nimefika mlangoni, ndipo nikakumbuka. Nikavivua, nikacheka tena peke yangu. Mtu mwenye wajukuu.

Zakayo na Happy, nyie vijana wangu wa chumba cha mitambo, mliniomba niandike namna kazi ilivyokuwa tangu nilipoanza. Niliwaambia mimi ni darasa la saba, na lenyewe la kijijini Mugeta, la kwenda shule siku ambazo ng'ombe wana mtu mwingine wa kuwachunga. Happy akasema, "Mama, andika hivyohivyo unavyoongeaga." Basi ndiyo hii. Mshahara na vyeo sitaviandika. Mshahara mnaujua, na vyeo sikuwaga navyo vya kutosha kujaza mstari.

Ila naandika huku naangalia saa, kwa sababu leo mchana kuna kikao halmashauri na mimi nimeitwa nikaseme. Kituo chetu cha data, ambacho mji mzima wanakiita Jengo la Kompyuta, kilipewa ardhi bure na msamaha wa ushuru ili kije huku kwetu kisiende mkoa mwingine. Msamaha unaisha mwaka huu na kampuni inaomba uongezwe. Kwenye maombi hayohayo kuna mchoro wa dohani, za kuchukua joto la mitambo na kulipeleka juu angani. Dohani zikijengwa, wifi yangu Nyanjura na wanawake wenzake wa mwalo wa Mwigobero hawatakuwa na pa kukaushia dagaa wakati wa mvua. Na mvua ndiyo hii. Wifi kanitumia ujumbe kabla sijanawa uso: nisimame upande wao, nisianze mambo yangu ya "kwa upande mwingine". Sijui nitasema nini. Acha niandike, labda nitajua.

Mimi baridi niliyoikulia ni ya alfajiri ya kukamua, basi. Barafu nilikuja kuiona Musoma, kwa shangazi, nikiwa msichana mkubwa. Pale Mwigobero kulikuwa na mtambo wa kutengeneza barafu ya wavuvi, na walikuwa wanatafuta mtu wa kuponda mabonge na kujaza magunia. Siku ya kwanza nikaweka kiganja chenye maji juu ya bonge lililotoka kwenye mtambo muda uleule. Kikashika. Nikavuta, ngozi inavutika, nikapiga kelele kama mtu anayechinjwa, wanaume wakaacha kazi waje kucheka vizuri. Mzee mmoja mfupi akaja na kopo la maji ya kawaida, akamimina polepole, mkono ukaachia. Akaniambia, "Haikuchukii. Inataka joto lako tu."

Huyo ndiye fundi Mafuru, mtu wa Bunda, aliyenifundisha kila ninachokijua, na ambacho sikijui ni kwa sababu sikumuuliza. Hakuwa mtu wa kusifia. Mwaka mzima niliponda barafu, na kila nikipumzika nilisimama mlangoni kwake namwangalia. Siku moja akatoa bisibisi ndefu. Sikujua ni ya nini. Akaweka ncha kwenye tumbo la kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha akanipa na mimi. Nikasikia ndani, mambo yanaenda na kurudi, kama mtu anatwanga mtama nyumba ya tatu. Nikasema, "Baba, anatwanga." Akasema ndiyo, na siku atakayoanza kutwanga na kukohoa, mzime kwanza halafu ndiyo uniite, usiniite kwanza.

Mnanionaga bado natembea na bisibisi wakati mashine zenu zina skrini inayosema kila kitu. Sisemi skrini inadanganya, sijawahi kuikuta inadanganya. Nasikiaga raha tu kuwasikiliza.

Kitu kingine alichonifundisha ni mkono. Bomba linalorudisha gesi likishikwa linatakiwa litoke jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Likiwa kavu, gesi haitoshi. Likiota theluji mpaka kwenye kompresa, umezidisha, utamuua. Na neno lake kubwa lilikuwa kwamba sisi hatutengenezi baridi. Hakuna kitu kama hicho. Sisi ni wachukuzi wa joto: tunalitoa hapa, tunalimwaga pale, na fundi mzuri ni yule anayeuliza kwanza pale pana nani. Nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Kutoka kwenye barafu tukahamia wote wawili kiwanda cha minofu ya sangara. Nacho kilikuja kwa kubembelezwa, nakumbuka sana, viongozi walipishana kwenye jukwaa: msamaha huu, umeme huu, barabara hii. Na niwe mkweli, kilipofunguliwa mji uliruka. Wanawake wa kukata minofu walikuwa wengi mpaka kubadilishana zamu ilikuwa kama misa ya Pasaka inatoka, wote na magambuti meupe. Nje ya geti walikuwa wauza chai, wauza mapanki, yale mabaki ya sangara, wasuka nywele, mpaka mtu wa kukodisha miamvuli. Mimi ndani na amonia, gesi ya kugandishia.

Amonia, vijana wangu, hamtaijua na mshukuru Mungu. Gesi zenu hazina harufu. Ile ikikupata usoni unasahau jina la mama yako. Siku moja valvu ya chumba kikubwa ikaanza kuvuja wakati wanawake wako mezani, na mimi nikashika spana nikimbie kuifunga. Fundi Mafuru akanikamata mgongo wa koti, akanizungusha, akaninyanyulia kona ya kitambaa changu cha kichwa hewani. Kikapepea kuja kwangu. "Ungeenda kufungia huko ungekula yote," akasema. "Jua upepo kwanza." Tukazunguka, vitambaa vyenye maji puani, akawasha kijiti chake cha salfa, na pale moshi ulipogeuka mweupe kama pamba ndipo penye tundu. Tukafunga. Wanawake walikuwa wameshatoka nje, wanakohoa na kutukana kwa lugha zote za mkoa wa Mara, na hakuna aliyelazwa.

Kiwanda kile kilikuja kufungwa sangara walipopungua. Sijui alaumiwe nani. Wengine walisema nyavu haramu, wengine walisema bei za nje, na kila mmoja alikuwa na ushahidi. Nachojua ni kwamba asubuhi moja geti halikufunguliwa, na muuza chai alikaa pale na birika lake mpaka jua likawa kali. Fundi Mafuru alirudi Bunda kwenye mihogo yake na hakutaka tena kusikia habari ya mashine. Akafia kule, kwa amani, tulimzika.

Sasa Jengo la Kompyuta. Nilisikia kwa jirani wanatafuta mafundi wa baridi, huko barabara ya kwenda Butiama. Nikaenda na gauni la kanisani. Injinia Erasto, ambaye wakati ule alikuwa mgeni kabisa, kijana wa Arusha mwenye adabu, akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi na sava. Nikamwambia hapana, ila na sangara nimefanya sana. Akaangalia chini, mabega yanatikisika. Nikajua nimeharibu. Kisha akauliza sangara walikuwa wanakaa kwenye nyuzi ngapi, nikamwambia, akauliza mlango ukiachwa wazi unafanyaje, nikamwambia, na tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mpaka leo sijui alinichukua kwa kujua au kwa kunionea huruma. Sijamuuliza. Akinijibu nitapata shida.

Siku ya kwanza kuingia nilivaa sweta mbili, maana niliambiwa ni baridi. Mbele ya makabati ya hizo sava ilikuwa baridi kweli. Nikazunguka nyuma yake, nikakutana na joto kama la tanuri ya mkate. Taa ndogondogo zinapepesa, feni zinalia, hamna mtu, hamna samaki. Nikamuuliza Erasto, sasa huku tunagandisha nini. Akanieleza kwamba humo ndani mna picha za watu, na hesabu za benki, na barua, za Dar, za Nairobi, za wapi sijui, na zote zinatoa joto. Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba Neema kwamba nimepata kazi ya kupepea barua za watu. Akaniuliza kama nimekula.

Nasema haya kwa furaha kwa sababu nilikuwa na furaha. Mtambo mpya, safi, hewa ya nje inavutwa upande mmoja kupitia filta, inapita kwenye makabati, inatoka upande wa pili ikiwa ya moto. Wakati wa ujenzi mji uliruka tena kidogo: waponda kokoto, mama lishe, vyumba vya kupanga hapa Nyasho havikupatikana. Walipomaliza kujenga, wakaondoka. Tukabaki sisi wachache, walinzi, wasafishaji na mabibi na mabwana wa skrini. Nje ya geti alikuja muuza chai mmoja, akakaa wiki, akaondoka. Hiyo niliiona.

Na hili nalo niliona: laini ya umeme iliyovutwa kwa ajili ya jengo ilipita kwetu, na tangu hapo taa za Nyasho hazizimiki kama zamani. Kinyozi wa hapa jirani aliuza jenereta lake. Kiangazi watu walisema tunawanywea maji ya ziwa kulowesha zile pedi za kupozea hewa inayoingia. Labda kweli, labda bomba tu lilikuwa bovu. Mimi nilikuwa ndani, ningejuaje.

Habari ya dagaa ilianza na nguo. Masika moja nilikuwa na ovaroli moja tu, imelowa, na mvua kama hii ya leo. Nikaitundika nje ya ukuta wa nyuma, pale hewa ya moto inapotokea. Nilipokwenda kunywa chai na kurudi, imekauka, imekuwa ya motomoto kama imepigwa pasi. Jioni nikampitia wifi Nyanjura pale Mwigobero. Nikamkuta amesimama juu ya dagaa wake amenyamaza. Nyanjura kunyamaza ni jambo la kuita padri. Dagaa walikuwa wamelala mchangani siku ya tatu bila jua, wameanza kulainika, wanageuka rangi. Alikuwa ameshamwaga mzigo wa wiki ya nyuma. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba akimwaga na huu, basi, hana tena mtaji wa kurudi ziwani.

Nikamwambia habari ya ovaroli yangu.

Kesho yake, kabla sijamweleza vizuri ni upande gani, wakaja. Wanawake wa Mwigobero wakienda ufuko mpya wana namna yao ya kuchagua pa kuanika: mmoja anasimama, ananyoosha pindo la khanga, na pale inapopepea zaidi ndipo pazuri, kwa sababu dagaa hukaushwa na upepo kuliko jua. Hilo walilirithi kwa bibi zao na halijawahi kuwadanganya. Wakazunguka jengo letu nje ya uzio, pindo mkononi. Upande wa kutokea joto hewa ni ya taratibu, khanga ikatikisika kidogo. Upande wa kuvutia hewa, khanga ilimponyoka mwenyewe ikaenda kunata kwenye waya wa uzio kama imegundishwa. Wakaona Mungu amewapa. Wakatandika vyandarua vyao pale, dagaa wabichi wote, na kuwageuzageuza.

Ndani hatukujua kitu. Kwanza ilikuja harufu kidogo, nikadhani ni chakula cha mtu. Kisha skrini ikasema filta zinaziba. Kisha Erasto akaja anatembea haraka, kashika pua, akaniuliza kwa upole, "Mama, kuna kitu kimefia humu ndani?" Nikamwambia humu hata panya hana cha kufuata. Tukafungua chumba cha filta. Zilikuwa zinameta. Magamba, madogo, ya fedha, yamejaa kama mtu amerusha pambo la harusi. Picha za watu wa Dar na hesabu za benki zao zilikuwa zinapepewa na dagaa wa Mwigobero.

Nikatoka nje. Nikamkuta wifi kakaa kwenye ndoo, furaha tupu. Akaniambia, "Wifi, leo kuna upepo huku, sijawahi kuona."

Nilicheka mpaka nikashika uzio. Yeye hakucheka. Nilimzungusha upande wa pili, nikamshika mkono nikaunyoosha kwenye hewa ya moto, akakaa nao pale muda. Akasema, "Huku hakuna upepo, huku kuna jiko." Nikamwambia ndilo hilo. Wakahamisha kila kitu, wakainua vyandarua juu ya chanja za miti ili hewa ipite chini, na jioni dagaa walikuwa wanalia wakishikwa, wakavu, weupe, hawana hata punje ya mchanga. Siku ile nilimkumbuka fundi Mafuru na swali lake la pale pana nani.

Erasto tulishinda naye tunafuta magamba mpaka mikono ikanuka. Hakuandika ripoti ya kumwangusha mtu. Alisema tu kwamba kwa ndani ya uzio hapana, lakini nje ya uzio ni barabara ya watu wote. Na kila masika wakaja. Kuna wanunuzi wa kutoka Bunda siku hizi wanauliza dagaa wa kwenye kompyuta, wakidhani kompyuta ndizo zinazowakausha kwa akili. Wifi hawarekebishi.

Nimefika hapa, mvua bado. Naenda kikaoni. Baba Neema ananiambia nivae koti, na kwamba yeye leo hana dada wala mke mpaka tutakaporudi tukiwa tumepatana.

Nimerudi. Taa zimewashwa. Naendelea.

Ukumbi ulijaa, nusu kwa hoja na nusu kwa kukimbia mvua. Watu wa kampuni walisema vizuri kuhusu maendeleo. Diwani mmoja akasema vizuri kinyume chake: kwamba ushuru tuliosamehe ungejenga vichanja vya kukaushia kwenye kila mwalo, vyenye paa, siyo kwa wanawake wenye bahati ya kuwa na wifi ndani ya jengo. Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Wifi alikuwa mstari wa mbele, na wenzake nyuma yake, wote na khanga za sare.

Nikaitwa. Nilikuwa nimejiandaa, yote yakapotea. Nikasema nilichoona. Kiwanda cha sangara kilitaka mikono mingi, na kilipokwenda kilikwenda na mikono yote. Jengo hili linataka mikono michache. Muuza chai aliondoka. Umeme wa Nyasho umekaa sawa. Dagaa wanakauka. Wifi akaanza kutabasamu. Nikasema na dagaa nao waliziba filta ile siku ya kwanza, nilizifuta mwenyewe, isifichwe. Wifi akaacha kutabasamu. Mwenyekiti akaniuliza, sasa mama, unakubali msamaha uongezwe au hukubali?

Nikamwambia, "Mheshimiwa, sijui."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale mbele ya watu wote na gauni la kanisani kuja kusema sijui. Nikaongeza kwamba ninalosikitikia ni zile dohani tu, maana sielewi zinakuja kufanya nini.

Mwenyekiti akamgeukia Erasto. Erasto akafunua ule mchoro, akafunua tena, akavua miwani. Angeweza kusema lolote, nani angembishia. Akasema, "Mwenyekiti, huu mchoro umetoka kwenye jengo letu lingine, nje ya nchi. Majirani wa kule walilalamikia hewa ya moto madirishani. Ndiyo wakaziweka, na sasa zimeingia kwenye kila mchoro."

"Na hapa nani amelalamika?"

"Hakuna."

Wifi Nyanjura akasimama bila kupewa nafasi. Sauti ile ya kuita mtumbwi. "Mwenyekiti, majirani ndiyo sisi. Hatulalamikii joto. Mkilipeleka juu mtawaanikia ndege nini?"

Nadhani hata mvua ilisimama kidogo. Mwenyekiti alifunika uso na makaratasi. Watu wa kampuni nao walicheka, na kwa kweli baada ya hapo dohani hazikuwa na mtu wa kuzitetea. Mkubwa wao alisema kuziacha ni nafuu hata kwao, akakiri mbele za watu.

Wakaamua hivi. Msamaha umeongezwa, lakini muda mfupi kuliko waliouomba, na ukiisha hautarudi. Yule diwani alipinga mpaka mwisho, akaandikwa kuwa amepinga, na njiani nilimpa mkono. Dohani zimefutwa. Kile kipande cha nje ya uzio, upande wa joto, kampuni inaezeka paa, na mwalo wowote unaweza kuleta dagaa wake, siyo Mwigobero tu. Hilo la mwisho wifi halikumfurahisha sana. Na sharti: asiwepo mtu wa kuanika upande wa kuvutia. Mwenyekiti akauliza nani atawaonyesha wageni upande, maana watu watakuja na khanga zao na watapotea kama wa kwanza. Erasto, bila hata kuniangalia, akanitaja kwa jina langu la kazini: "Mama Baridi yupo. Ana nafasi siku hizi."

Nimestaafu Ijumaa. Jumatatu nimepata kazi. Nimekubali kabla hajamaliza, na nilipokaa nikagundua nilikuwa nimekubali kwa sauti kubwa mno.

Kama ni kweli jengo limetusaidia, vijana wangu, bado sijui. Mkija kujua mniambie. Kuna maneno ya yule diwani yananizunguka kichwani na sitaki yaniache upesi. Lakini kesho asubuhi nitakuwa pale nje ya uzio, na mkisikia skrini inalia, tokeni mniite.

Njia nzima wifi hakusema nami. Alipofika mlangoni akasema neno moja, "Filta," akaingia kwa kaka yake. Usiku huu tumekula ugali wa muhogo na mtama, samaki ningu wa kuchemsha na nyanya, na mlenda. Wifi alikula amenipa mgongo, akimsimulia Baba Neema kila kitu upya, na kwenye habari za ndege alicheka mpaka akapaliwa. Ni mimi niliyemgonga mgongoni. Akashusha pumzi, akasogeza bakuli lake kwangu bila kugeuka, nikamwongezea.